Seremala Aliyebaki na Mizigo

Chama cha wanaume cha parokia yetu hufanya hija ya milimani mara moja kwa mwaka: siku saba, kwenda kwa miguu na kurudi kwa lori, vijiji vinne, monasteri tatu. Mwenye shinikizo la damu hupimwa kwanza. Mwenye kupenda chupa huambiwa aiache miezi mitatu kabla, la sivyo abaki nyumbani. Mimi, wanayeniita Mwalimu, nimeiongoza hija hiyo miaka kumi na minne, na sikupata kuona mhujaji mwenye bidii kumshinda seremala wetu, wala mhujaji aliyekubali kuishia njiani kama yeye.

Alibeba lile sufuria kubwa ambalo wengine walilikwepa. Fimbo ya mtu ikipasuka, alikaa juu ya jiwe, akatoa kisu, akachonga nyingine kabla hatujamaliza kunywa maji. Kwenye sala alikuwa wa kwanza kupiga magoti na wa mwisho kuinuka. Lakini siku ya tano tulipofika kijiji cha mwisho, ambako njia huacha mashamba na kupanda miamba kwa saa nne hadi monasteri ya juu kabisa, aliketi juu ya mabegi yetu na kusema maneno yale yale ya mwaka uliopita.

"Nendeni, ndugu zangu. Lazima abaki mtu wa kulinda mizigo."

Kijiji kile kina nyumba arobaini na milango isiyofungwa. Mwizi akija pale ataondoka na baridi tu. Kwa hiyo wenzake walimpa jina la Mizigo, na likamganda.

"We Mizigo," fundi bomba alimwambia mwaka mmoja, "hata mbinguni utabaki getini ukilinda viatu vyetu?"

"Vya wengine nitalinda. Vyako vitajilinda vyenyewe kwa harufu."

Wanaume walicheka mpaka wakashika magoti. Yeye alicheka nao kidogo, kisha akageukia mabegi na kuanza kuyapanga upya, ingawa yalikuwa yamepangika.

Watawa wa monasteri ya juu huwaomba wageni wakae kimya tangu wanapoondoka kijijini hadi wanaporudi. Nasi tuliahidi hivyo, kila mmoja mkono kifuani. Kabla ya kupanda nilipita na mfuko wa turubai nikikusanya simu na saa. Baadaye niliongeza kalamu, kwa sababu mwaka mmoja wanaume wawili walipanda bila kutoa neno huku wakigombana kwa vikaratasi juu ya mechi ya mpira. Watawa hawakuniagiza habari ya kalamu. Hiyo niliianzisha mwenyewe.

Huko juu aliishi mdogo wake seremala, na parokia nzima ilijua habari zake. Ndugu hao wawili walirithi karakana ya baba yao nyuma ya nyumba, wakawa wanatengeneza milango na madirisha. Mkubwa alipima na kupasua, mdogo aliunga na kupiga msasa. Siku moja, inakaribia miaka ishirini na minne sasa, mdogo alitoka kula mchana, akanywa bia, akarudi kazini, akatoa kinga ya msumeno wa mashine, yaani kile kibati kinachofunika meno yake, na msumeno ukamkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa. Wateja walianza kumwita Chupa. Baba wa msichana aliyemchumbia alisema hana binti wa kumpa mlevi. Baada ya miaka mitatu ya kukaa ndani ya nyumba ya mama yake bila kazi, alipanda mlimani akavaa kanzu ya utawa, na hakushuka tena.

Mama yao yupo mpaka leo, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, mwembamba, masikio mazima. Hukaa kwenye kiti cha mkono barazani akisikiliza mashine ya mwanawe, na mashine ikilalamika hupaza sauti, "Huo msumeno butu, baba! Utie tupa!" Hajakosea hata mara moja. Niliwahi kwenda kwao jioni kuulizia mabenchi ya kanisa, nikawakuta kwenye sala. Mama aliongoza, seremala aliitikia. Alipofika mwishoni alisema, "Na mtoto wangu wa milimani, Bwana, umsamehe ulevi wake uliomharibia mkono na maisha."

"Amina," seremala akaitikia.

Kila mwaka mama alimpa soksi za sufu ampelekee mdogo wake. Seremala alinikabidhi mimi katika kijiji cha mwisho, nami nilimwachia mtawa wa mlangoni. Tuliporudi mjini, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mama, "Amekusalimu sana. Soksi zimemtosha."

Nilimvuta kando. "Umemwona wapi wewe?"

"Mwalimu, acha tu."

Sikuacha. Nilimwambia kwamba mtu anayemdanganya mama yake akitoka hija amefanya matembezi, hakufanya hija. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema nimesema kweli, na mwaka uliofuata akafanya vile vile.

Mwaka wa kumi na moja wa kwenda kwake, mama hakutoa soksi. "Safari hii usimpelekee kitu," alimwambia. "Mpelekee uso wako."

Siku ya tano, katika kijiji cha mwisho, nilipopita na mfuko wangu, seremala alisimama. Alivua saa, akatoa simu, akachomoa penseli nene ya useremala aliyozoea kuiweka nyuma ya sikio. Wenzake walitazamana. Fundi bomba alifungua mdomo atanie, akaufunga.

Tulipanda. Seremala alitangulia mbele ya wote, mtu aliyezoea mkia wa msafara, na kwenye sehemu zenye mawe yanayoteleza alisimama kutushika mikono. Saa tisa alasiri tulifika.

Mlangoni pa nyumba ya wageni kuna benchi refu la mbao. Mhujaji hukaa, huvua viatu, na mtawa humwosha miguu kwa maji ya moto. Ndivyo wanavyompokea kila mtu, tajiri kwa maskini. Siku hiyo alitoka mtawa mmoja mwenye beseni, kofia ya kanzu imemfunika uso, akaanza upande wa kushoto. Seremala alikuwa wa tatu, mimi wa nne. Mtawa alipopiga magoti mbele yake na kushika kisigino chake, niliuona mkono. Kidole cha shahada na cha kati havikuwepo.

Mtawa aliinua uso. Walikuwa na nyusi zile zile na paji lile lile la uso, utadhani fundi mmoja alilipima mara mbili. Nilimsikia seremala akivuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayetaka kunyanyua kitu kizito. Midomo yake ikafunguka.

Niliweka mkono juu ya goti lake, nikatikisa kichwa.

Nilijua ni ndugu yake. Nilidhani ni salamu, na salamu zingesubiri. Tulikuwa tumeahidi, na wanaume kumi na wawili walikuwa wakitazama.

Seremala alifunga mdomo. Mtawa alimkausha miguu taratibu, kidole kimoja kimoja, akakishikilia kisigino muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasogea kwangu. Nusu ya maji yangu ilimwagikia sakafuni.

Asubuhi mdogo mtu hakuonekana. Zamu yake ilikuwa msituni, kukata magogo. Saa mbili tukashuka, kama ilivyopangwa.

Kijijini nilifungua mfuko. Kila mtu alichukua simu yake akakimbilia kilimani kutafuta mtandao. Seremala alichukua penseli tu, akakaa juu ya mabegi.

"Mwalimu, ningesema pale pale."

"Ungesema nini?"

"Kwamba niliitoa mimi."

Sikumwelewa. Ndipo aliponisimulia. Walikuwa na kazi ya milango ya shule, na siku zilikuwa zimewabana. Asubuhi ile yeye, mkubwa, alikuwa akichimba mifereji kwenye miimo ya milango, kazi ambayo kinga huizuia, kwa hiyo aliifungua akaisukumia chini ya meza. Alipomaliza hakuirudisha. Alisema moyoni ataifunga baada ya kula. Mdogo wake aliwahi kurudi. Kweli alikuwa amekunywa bia moja, siku ya joto, kama wafanyavyo watu wengi. Akawasha mashine aliyoizoea, akapeleka mkono ulikozoea kwenda.

"Nilipomkuta kashika mkono wake, damu inachuruzika, niliogopa. Nikapiga kelele, 'Umetoa kinga! Umelewa wewe!' Ilinitoka tu mdomoni. Majirani wakasikia. Nikaona wameamini."

"Na yeye?"

"Hospitali, alipozinduka, aliniuliza, 'Kaka, niliitoa mimi?' Nikamwambia ndiyo. Akasema, 'Mbona sikumbuki?' Nikamwambia, 'Utakumbuka vipi na wewe ulikuwa umelewa?'"

Alizungusha penseli mikononi.

"Hajui, Mwalimu. Watu wanadhani namwogopa kwa sababu ananichukia. Hanichukii. Anajua ni kosa lake."

Nilikaa kando yake juu ya begi la mtu. Nilitaka kumwambia maneno makali, na nilikuwa nayo, lakini nilikumbuka mkono wangu juu ya goti lake.

"Kwa nini hukunisukuma?" nilimuuliza. "Ungesema tu."

"Uliponishika nilishukuru. Hilo ndilo baya lenyewe. Nilishukuru."

Nilimwambia tupande tena kesho yake, nitamsindikiza, na nitamwomba abati, mkuu wa watawa, awape chumba wazungumze. Abati huwaruhusu ndugu wa damu wakiombewa. Seremala alitazama mawingu mlimani, akatazama lori lililokuwa limeagizwa kutupeleka mjini.

"Mwakani, Mwalimu. Sasa nimeshajua njia."

Nami nikakubali. Mvua ilikuwa inakuja, ratiba ilikuwa imepangwa, watu walikuwa na kazi zao. Mtu aliyebeba uongo miaka ishirini na miwili huona mwaka mmoja zaidi si kitu. Ndivyo uongo unavyomfundisha kuhesabu. Mimi sikuwa na kisingizio hicho.

Mdogo wake alifariki miezi mitano baadaye, kwa ugonjwa wa mapafu. Barua ya abati ilitufikia akiwa ameshazikwa wiki mbili. Mama aliomba isomwe mara tatu. Jioni ile sala ilikuwa ndefu, na mwishoni alisema, "Bwana, umpokee mtoto wangu. Usimhesabie chupa."

"Amina," seremala akaitikia. Nilikuwepo. Nilimtazama kwa jicho kali, naye akatazama sakafu.

Mwaka uliofuata alipanda tena. Hakukuwa na utani. Abati alipewa habari kwamba kaka wa marehemu yumo kati yetu, akatuondolea ahadi ya ukimya sisi wawili, akamwagiza mtawa mzee anayetunza karakana atuonyeshe alikofanyia kazi ndugu yetu.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Maranda yalikuwa yamefagiliwa pembeni. Patasi zilining'inia kwa ukubwa wake, na kila moja ilikuwa na mpini ulionenepeshwa kwa kitambaa, ili mkono wa vidole vitatu uweze kuushika. Katikati ulikuwepo msumeno wa mashine. Mtawa mzee aliugonga kwa kiganja.

"Hii kinga haitoki," alisema kwa fahari. "Boliti nne, na zote alizikata vichwa kwa tupa. Ukileta spana haina pa kushika. Ukitaka kuitoa, uvunje mashine."

Seremala aliweka kidole juu ya boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Wanovisi wote, vijana wanaoanza utawa, wamepita mikononi mwake," mtawa akaendelea. "Siku ya kwanza kabisa aliwaonyesha huu mkono wake. Akawaambia, 'Kinga niliitoa mimi mwenyewe, kwa ulevi wangu. Nilimpa kaka yangu aibu, nikamwachia kazi peke yake. Nitazameni.' Wengine walilia. Alikuwa mkweli mno, yule."

"Niliitoa mimi," seremala alisema.

"La, ndugu yangu, hii aliifunga yeye..."

"Ile ya nyumbani. Niliitoa mimi."

Mtawa alitabasamu kwa huruma, kama anayezungumza na mfiwa aliyechanganyikiwa. "Hapana. Ametusimulia mara nyingi. Hakuwa mtu wa kusema uongo."

"Hakusema uongo, baba. Aliambiwa hivyo, akaamini. Mimi ndiye niliyemwambia."

Mtawa mzee alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya gogo. Aliposema, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mwaka jana, alipomaliza kuwaosha miguu, alikuja hapa na beseni bado mkononi. Alikuwa analia na kucheka. Akaniambia, 'Kaka yangu amekuja. Amenitazama, hakunilaumu hata kwa neno moja. Kaka amenisamehe.'"

Seremala alishika ukingo wa meza ya mashine kwa mikono yote miwili. Nilidhani ataanguka, nikamsogelea, lakini aliniashiria nisimguse. Niliusitisha mkono wangu. Nilistahili.

Wapo watakaosema kwamba angalau marehemu aliondoka na amani. Nimeambiwa hivyo na watu wema, na kila mara nimekataa. Amani ile ilikuwa ya mtu aliyesamehewa kosa lisilo lake na mkosaji mwenyewe. Alidaiwa ukweli, akafa bila kulipwa, na hakuna utamu wa maneno unaofunika jambo hilo.

Siku tuliyorudi mjini, seremala hakutaka kushuka kwenye lori peke yake.

"Mwalimu, nisindikize kwa mama. Nikiwa peke yangu nitasema kitu kingine."

Tulimkuta barazani, amejifunika shuka mabegani. "Mmefika," alisema. "Kaburi lake mmeliona? Liko vizuri?"

"Liko vizuri, mama." Seremala alipiga magoti kwenye saruji, begi bado mgongoni. "Mama, siku ile ya msumeno. Kinga niliitoa mimi. Yeye hakuigusa. Na hakuwa amelewa. Ilikuwa bia moja."

Mama hakugeuka. Karakana ilikuwa kimya, na nadhani alikuwa akiisikiliza.

"Yeye alijua?"

"Hakujua, mama. Nilimwambia ni yeye."

"Ulimwambia lini?"

"Hospitali. Aliponiuliza."

"Aliuliza." Mama alilirudia neno hilo polepole. Vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la shuka na kulikunjua. "Mimi sikumuuliza hata siku moja. Miaka mitatu amekaa kwenye chumba kile, nampelekea chakula, namwambia, mwanangu, pombe imekumaliza. Ananijibu, ndiyo, mama."

"Nisamehe, mama."

"Jioni zote hizi nimemwombea msamaha mtoto asiye na kosa. Na wewe ulikuwa hapo ukiitikia amina."

Seremala alilala kifudifudi sakafuni, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, na sufuria lililofungwa kwenye begi likagonga saruji. Mama hakumlaani. Hakumwambia ainuke wala abaki. Baada ya muda aliniomba mimi nimsaidie kusimama, akaingia ndani.

Seremala amewaambia wote tangu hapo. Alisimama mbele ya chama cha wanaume na kusema. Alikwenda hadi kwa yule aliyekuwa mchumba wa mdogo wake, ambaye sasa ana wajukuu, naye alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamshukuru, akafunga mlango. Kwenye msumeno wake amefunga kinga na kuzikata boliti vichwa. Mfuko wangu wa turubai ninao bado. Simu nakusanya, na saa. Kalamu huwaachia wenyewe.

Wiki iliyopita nilipita kwao jioni. Mama alikuwa barazani, seremala amekaa kwenye kigoda chake karibu na miguu yake, bado ana unga wa mbao kwenye nywele. Sala ilikuwa inaendelea, nikasimama kando ya ngazi nisiwakatize. Mama aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri. Alipofika pa mwisho alisema, "Na mtoto wangu wa milimani." Hakuongeza kitu. Alishika mikono ya kiti, akajiinua, akaingia ndani kabla ya sala kufungwa, na seremala akabaki pale, uso ameuinua, na amina yake mdomoni.